Stata inapovuta volti chini: kapasita kubwa, dyuti ya asilimia 100, au kupandisha kwanza?

Waya_Mwekundu
Wakuu, heshima kwenu. Nina bodi ya gari la volti 12. Konveta ya kushusha volti inatoa 5 V, ampea 2, na inaswichi kwa 2.1 MHz ili ikae juu ya mawimbi ya redio ya AM. Siku zote iko safi. Ila stata ikipigwa kwenye baridi kali, ingizo linaanguka hadi kama 4.5 V, ile 5 V inaanguka nalo, na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya bodi) inajiwasha upya. Naona njia tatu: kurundika kapasita kwenye ingizo, kutafuta chipu inayoweza kuacha swichi ya juu, ile inayounganisha ingizo na koili, ikiwaka muda wote (dyuti, yaani sehemu ya mzunguko ambayo swichi inawaka, ya asilimia 100), au kuweka hatua ya kupandisha volti mbele ya hii ya kushusha. Nyie mngefanyaje?

Bodi_Kijani
Kapasita zipigie hesabu, utaziacha mwenyewe. 5 V kwa ampea 2 ni wati 10, na kwa ufanisi wa asilimia 90 unavuta kama wati 11. Kipimo cha ISO 16750-2, kiwango cha kimataifa cha kujaribu vifaa vya umeme vya magari, kina bonde refu kwenda chini la milisekunde 15 hivi, kisha volti zinapanda kidogo na kukaa hapo sekunde 1 hadi 10 kutegemea daraja. Tuseme unaanza na 11 V na unavumilia hadi 6.5 V. Kwa zile milisekunde 15 pekee unahitaji zaidi ya mikrofaradi 4,000, tena za volti 35 au 50, maana laini hiyohiyo ndiyo inayopokea kishindo pale betri inapochomoka alternata ikiwa inachaji. Sekunde nzima? Zidisha mara 60 na ushee. Labda uzivute kwenye trela.

Mosi_Feti
Kapasita tumemaliza. Ila mkuu, kabla hujakimbilia kupandisha, itazame hiyo 2.1 MHz. Mzunguko mmoja ni nanosekunde 476. Chipu ikidai swichi ya juu izime angalau nanosekunde 100 kila mzunguko ili kapasita ya bustrapu, ile inayolipa geti la swichi hiyo volti za kuiwasha, ipate kujazwa, dyuti yako inagota asilimia 79. Maana yake 5 V inaanza kulegea ingizo likifika 6.3 V, na hapo sijagusa hasara za swichi na koili. Chipu hiyohiyo kwa 400 kHz inafika asilimia 96, yaani 5.2 V.

Chipu nyingi za magari zinajishusha masafa zenyewe zikikaribia kikomo: zinarefusha muda wa kuwaka, ule wa kuzima unabaki palepale. Masafa yataingia kwenye AM kwa muda huo, lakini nani anasikiliza taarifa ya habari stata ikizunguka? Swichi ya chaneli P nayo inawaka muda wote bila bustrapu, ila ina ukinzani mkubwa kuliko ya chaneli N ya ukubwa uleule, na ingizo likishuka geti lake linakosa volti za kuifungulia vizuri.

Waya_Mwekundu
Sawa, lakini hata kwa asilimia 100, ikiingia 4.5 V haiwezi kutoka 5 V.

Nyota_Ardhi
Hapo ndipo pa kuuliza: wakati huo nani hasa anaihitaji 5 V? Kama maikrokontrola ni ya 3.3 V, usiilishe kutoka kwenye 5 V. Ipe konveta yake moja kwa moja kutoka betri, itaendelea kufanya kazi hadi ingizo lishuke kufika kama 3.7 V. Na kama bado una diodi ya kuzuia nyaya kugeuzwa, itoe. Inakula nusu volti, na kwenye 4.5 V hiyo ni zaidi ya asilimia 10. Weka mosfeti (transista ya kuswichi) yenye kidhibiti chake, hasara inabaki makumi ya milivolti.

Bodi_Kijani
Naunga mkono, ila kama kuna mzigo wa 5 V usiotakiwa kuyumba, hakuna ujanja, pandisha. Mimi napenda hatua ya kupandisha inayolala siku zote na kuamka volti zikishuka. LM5150-Q1 ya Texas Instruments ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Koili yake lazima ihimili mkondo wa bonde: ingizo likishuka hadi 3 V, wati 11 ni ampea 4 na kidogo ukihesabu hasara, bado ripo, yaani kupanda na kushuka kwa mkondo kila mzunguko. Konveta ya swichi nne, inayopandisha na kushusha yenyewe, inatumia koili moja, lakini umeme wote unapita kwenye swichi mbili kila siku kwa ajili ya sekunde chache za stata. SEPIC, konveta nyingine inayopandisha na kushusha, naiachia mizigo midogo, kapasita yake ya katikati inapigwa sana na mkondo.

Skopu_Usiku
Mmejadili kushuka tu. Pimeni na kurudi. Konveta ikiwa imegota kwenye kikomo cha dyuti, kikuza-kosa (sehemu inayolinganisha tokeo na volti inayotakiwa) kimejaa hadi juu kikidai volti zaidi. Ingizo likiruka ghafla kurudi 12 V, tokeo linapita 5 V kabla kitanzi cha udhibiti hakijazinduka. Nimeona kwenye osiloskopu laini ya 5 V ikikaribia 7 V kwa mzigo mwepesi. Tafuta chipu inayorudi taratibu ikitoka kwenye hali hiyo.

Halafu kikomo cha kuzima, yaani volti ambayo chipu inajizima. Konveta inavuta wati zilezile, kwa hiyo volti zikishuka mkondo unapanda, waya mrefu unakula zaidi, chipu inazima, volti zinapanda, inawaka, inazima tena. Kwenye skrini ni meno ya msumeno. Achanisha volti ya kuwaka na ya kuzima kwa nafasi ya kutosha, na kwenye karatasi ya data usichanganye volti ya chini ya kuanzia na ile ya kuendelea kufanya kazi.

Waya_Mwekundu
Nashukuru wakuu. Kwenye 5 V kuna chipu ya CAN (mtandao wa mawasiliano ndani ya gari) tu na sensa mbili, na zinaruhusiwa kunyamaza stata ikizunguka. Basi 3.3 V inatoka betri moja kwa moja, diodi inatoka, kupandisha sihitaji.

Mosi_Feti
Chukua chipu ya CAN yenye pini ya VIO, ya kulishia upande wake wa maikrokontrola, uiunganishe na 3.3 V. Ikiona 5 V imeshuka itaachia yenyewe laini ya pamoja ya CAN bila kuwasumbua wengine. Na laini za zile sensa ziwekee vizuizi vya mkondo, la sivyo maikrokontrola itaanza kuzilisha umeme kupitia pini zake.