Bwawa jipya, maji ya kisima cha maweni: vidonge, unga au klorini ya majimaji?

Mwenye bwawa, Bwejuu
Assalamu alaikum. Wiki iliyopita nilimaliza kujaza bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba yangu, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5, yaani lita 48,000. Maji yote yametoka katika kisima changu, na kuta zimepigwa plasta ya saruji nyeupe. Vipimo vya kwanza vilionesha pH 8.1, ualkali (uwezo wa maji kuizuia pH isibadilike upesi) wa miligramu 260 kwa lita na ugumu wa kalsiamu wa miligramu 420. Jioni nilitia nusu kilo ya klorini ya unga, na asubuhi nikayakuta maji meupe kama tui la kupopolea. Dukani wananiuzia pia vidonge na klorini ya majimaji. Ipi inafaa maji haya, na je, niyamwage yote nianze upya?

Fundi wa mabwawa, Nungwi
Waalaikumu salaam. Usiyamwage, ndugu yangu. Weupe huo ni chokaa. Maji ya maweni hupita ndani ya mawe ya matumbawe na kuyayeyusha kidogo kidogo, hivyo hufika kisimani yakiwa yamekwisha kubeba kalsiamu nyingi. Nawe ukayaongezea unga ambao wenyewe una kalsiamu na ambao hupandisha pH, ndipo chokaa iliposhindwa kukaa ndani ya maji ikajitenga. Endesha pampu mfululizo kwa siku mbili na uoshe chujio kila linapoziba.

Kabla ya kuchagua klorini, shughulikia pH. Ikiwa 7.5, takribani nusu ya klorini huwa katika hali inayoua vijidudu kwa nguvu, lakini ikiwa 8.1 hubaki kama sehemu moja kwa tano tu, hivyo fedha zako nyingi zinalala bure. Tumia asidi hidrokloriki ya asilimia 33, ambayo lita moja katika bwawa lako hushusha ualkali kwa takribani miligramu 10. Itie lita moja moja pampu ikizunguka, upime, na usiteremke chini ya 7.2, kisha uyaache maji yarukeruke kutoka kwenye bomba la kurudishia ili pH ipande yenyewe, ndipo urudie. Kufika ualkali wa 100 utahitaji kama lita 16, kwa hiyo hiyo ni kazi ya wiki mbili au tatu. Unapoizimua, asidi ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Mwalimu wa kemia, Wete
Naafikiana na fundi kuhusu asidi, lakini naona swali la klorini lijibiwe kwa kutazama kile ambacho kila aina huacha nyuma. Tuseme jua linakula miligramu 2 kwa lita kila siku. Ukitumia unga, kila siku utaongeza ugumu kwa zaidi ya miligramu 1, yaani kama 40 kwa mwezi, juu ya 420 ulizonazo. Ukitumia vidonge, hutaongeza kalsiamu hata chembe, ila kila siku utaacha zaidi kidogo ya miligramu 1 ya asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini na jua. Kiasi cha 30 hadi 50 kinatosha; mwezi wa tatu utakuwa umepita 100, na hapo klorini huwa ipo kwenye kipimo lakini imezubaa. Ile ya majimaji huacha chumvi kidogo tu.

Kuhusu ugumu, kwa nini usibadilishe theluthi moja ya maji kwa mvua ya masika? Paa la mita 100 za mraba likikinga mvua ya milimita 160, ambayo Aprili kwa kawaida huizidi, hukupa lita 16,000, na ugumu utashuka hadi 280.

Fundi wa mabwawa, Nungwi
Maalim, hesabu ni sahihi, lakini asubiri. Plasta changa ikikutana na maji laini mno huliwa, kwa kuwa maji hayo hutafuta kalsiamu na huichukua ukutani. Mwezi wa kwanza ugumu huu unamlindia plasta yake, mradi pH isipande.

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani
Mimi nilianza na mtambo wa chumvi, ule unaotengeneza klorini kwa umeme kutoka kwenye maji yaliyotiwa chumvi, kwa kuambiwa kuwa hauna usumbufu. Vibati vyake vilifunga ukoko mgumu kila baada ya wiki chache, kwa sababu mtambo nao hupandisha pH na maji yetu ni yale yale, na umeme ukikatika hakuna klorini. Kwa bwawa lako ungehitaji kilo 170 hivi za chumvi, na kwenye plasta mpya haitiwi kabla ya siku 28. Sasa natumia majimaji kila jioni baada ya jua kuzama. Kasoro yake ni kwamba hupoteza nguvu haraka kwenye joto, kwa hiyo nanunua dumu moja moja na kuliweka kivulini.

Mwenye bwawa, Bwejuu
Nawashukuru nyote. Leo maji yameanza kuonesha sakafu, na pH ni 7.4 baada ya lita tatu za asidi. Nimeamua kutumia vidonge kwa siku 25 ili kinga ya jua ifike 30, kisha nihamie kwenye majimaji. Je, vidonge naweza kuvirusha tu bwawani?

Mwalimu wa kemia, Wete
Hapana, viweke ndani ya boya lake, yaani kopo lenye matundu linaloelea, kwa kuwa vina asidi kali na vikilala sakafuni vitaichimba plasta. Ule unga uliobaki uhifadhi mbali navyo kabisa, na usiutie ndani ya boya hilo hata likiwa tupu: vitu hivyo viwili vikikutana huweza kuwaka moto au kulipuka.