Mrejesho: wateja wa viwanja Dodoma wanaokuja mara moja na kupotea

Wakuu, mimi dalali niliuliza kwa nini mteja wa kiwanja Dodoma akishalipa harudi wala haleti mwenzake. Ushauri wenu nimeufanyia kazi, asanteni sana.

Kubwa ni karatasi kabla ya hela. Mteja apewe namba ya kiwanja na kitalu, aende mwenyewe kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi (kuthibitisha mmiliki ni nani), ndipo aitwe kwenda saiti. Huko bikoni zote (alama za mipaka ya kiwanja) zionekane, namba zilizochongwa juu yake zisomwe na kulinganishwa na ramani ya upimaji. Bikoni ikiwa imeng'olewa, mwambie hapo hapo. Akija kuambiwa na jirani siku ya kuchimba msingi, umeshampoteza yeye na ukoo wake.

Dodoma ina jambo lake: hati za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyovunjwa 2017, zilikuwa za umiliki wa miaka 33. Mteja aliyezoea miaka 99 akiliona hilo mwenyewe, anahisi amefichwa.

Gharama nazo zitajwe mapema na nani anailipa ipi: kodi ya ongezeko la mtaji (faida ya kuuza) ni ya muuzaji, ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Ridhaa ya mwenza wa muuzaji iandikwe.

Baada ya malipo ndipo madalali wengi huzima simu. Uhamisho wa hati unachukua muda; mpigie hata kama hakuna jipya, umwambie faili liko meza gani. Wateja wa Iyumbu na Nala wanaoletana sasa wanalitaja hilo kuliko bei.