Kocha msaidizi na msaka vipaji wa chuo Marekani: kijana wa Mwanza anaanzia wapi?

Kikapu_Malimbe:
Wakuu, habari za majukumu. Nipo mwaka wa mwisho wa ualimu hapa SAUT, jioni nafundisha kikapu vijana wa sekondari za Nyegezi. Natamani siku moja niwe kocha msaidizi wa chuo Marekani, yule anayezunguka kusaka wachezaji. Hasheem Thabeet alitoka Dar, akachezea University of Connecticut, na 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani pale timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinapochagua wachezaji wapya. Kazi hiyo ikoje, na mlango wake uko wapi?

Kocha_Igoma:
Mdogo wangu, nimewahi kufanya kazi hiyo kabla sijarudi nyumbani. Wengi huingia wakiwa wanasoma shahada ya pili: chuo kinakulipia ada, wewe unakata video za wapinzani usiku na kuwarudishia wachezaji mipira asubuhi. Ukipanda, unakuwa mtu wa safari. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ina kalenda yake: kuna vipindi unaruhusiwa kukaa jukwaani kumtazama kijana, na vingine hutakiwi kuonana naye kabisa, labda simu. Kocha mkuu akitimuliwa, mara nyingi na nyie wasaidizi mnafungasha.

Ila moyo wa kazi ni karatasi. Kuna kijana wa Ukerewe nilimpenda mno. Mikono mirefu, mpira ukigonga ringi yeye keshajua utaangukia wapi. Bosi wangu aliuliza kitu kimoja tu: matokeo ya kidato cha nne. Divisheni foo, hisabati F. Ikaishia hapo, na bado inaniuma, maana NCAA ngazi ya juu inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Kijana hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo anza usaka vipaji wako hapo hapo Nyegezi. Kila mchezaji wako, jua ana ngapi kwenye hesabu na Kiingereza kama unavyojua anafunga pointi ngapi. Tunza nakala za ripoti zao tangu kidato cha kwanza. Kocha wa Marekani akikuta Mwanza kuna mtu mwenye kumbukumbu safi, atampigia tena mwakani. Kwangu mimi huko ndiko kuingia kwenye kazi.

Mama_Kirumba:
Kocha, asante. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anacheza vizuri. Kuna mtu anataka tumpe hela ya kumtafutia chuo huko. Tumpe?

Kocha_Igoma:
Shikamoo mama. Usitoe kwanza. Kocha wa chuo analipwa mshahara na chuo, hadai mzazi. Huyo mtu akutajie chuo na jina la kocha, kisha mwandikieni kocha wenyewe kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya chuo. Ambatanisheni ripoti za shule na video ya mechi nzima, siyo vipande vya kufunga tu. Wanataka kuona binti akipokonywa mpira anarudi kukaba au anasimama kulalamika.