Mashine ya gesi ya kung'arisha sakafu: je, kufungua madirisha kunatosha?

Msimamizi wa usafi, Mbeya

Habari za leo, ndugu zangu. Ninasimamia vijana wanne wanaong'arisha sakafu ya terazo katika ukumbi mmoja hapa mjini, kazi ambayo tunaifanya usiku baada ya wageni kuondoka. Hivi karibuni tajiri wetu alileta kutoka Dar es Salaam mashine inayoendeshwa kwa mtungi wa propani, na sina budi kukiri kwamba inang'arisha vizuri kuliko ile ya umeme, tena haina waya wa kuburuta. Tatizo ni baridi ya msimu huu, kwani vijana hufunga madirisha yote, na juzi wawili kati yao walilalamika kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu baada ya saa moja na nusu hivi, lakini walipotoka nje wakapata nafuu. Ukumbi una urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kimo cha mita 4, na una feni tatu za darini. Je, tukiacha wazi madirisha ya upande mmoja itatosha?

Fundi wa injini ndogo, Makambako

Ndugu msimamizi, naomba usiiwashe tena mashine hiyo ndani mpaka uipime, kwa sababu dalili ulizozieleza ndizo hasa za sumu ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Tufanye hesabu ya makadirio. Chukulia kwamba injini inatoa lita 500 za moshi kwa dakika, na kwamba asilimia 1 ya moshi huo ni kaboni monoksaidi, jambo la kawaida kwa injini isiyorekebishwa vizuri. Hizo ni lita 5 za sumu kila dakika. Ukumbi wako una mita za ujazo 1,200, yaani lita milioni 1.2, kwa hiyo ukiwa umefungwa, kila dakika inaongeza takriban sehemu 4 kwa kila sehemu milioni za hewa. Baada ya dakika 12 mnafikia 50, ambacho ndicho kikomo cha kisheria nchini Marekani kwa wastani wa saa 8 za kazi, na kabla saa moja haijaisha mmepita 200, kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya huko ya utafiti wa usalama na afya kazini, inashauri kisivukwe wakati wowote. Vijana wako walikaa humo saa moja na nusu.

Ili mbaki kwenye 35, ambacho ni pendekezo la taasisi hiyohiyo kwa siku nzima ya kazi, mnahitaji kama mita za ujazo 8,600 za hewa safi kila saa, maana yake hewa yote ya ukumbi ibadilishwe takriban mara 7 kwa saa. Madirisha ya upande mmoja, usiku usio na upepo, hayawezi kukuhakikishia hilo, na feni za darini zinakoroga tu hewa ileile. Inatakiwa feni ya kutolea hewa upande mmoja na mlango ulio wazi upande wa pili, ili hewa ikatize ukumbi mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini iliyorekebishwa pwani, ikifika huku, inavuta hewa nyepesi ilhali gesi haipungui kwa kiasi hicho, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito na sumu inaongezeka. Hali inakuwa mbaya zaidi mkiweka mtungi wa gesi ya kupikia, kwa kuwa gesi hiyo huwa na butani, ambayo inahitaji hewa nyingi kuliko propani ili iungue sawasawa.

Mwenye kampuni ya usafi, Iringa

Mnamtisha bure. Sisi tumetumia mashine za namna hiyo kwa miaka mitatu huku milango ikiwa wazi, na hakuna aliyeanguka. Propani ni gesi safi, hata moshi wake hauonekani.

Fundi wa injini ndogo, Makambako

Kaka, propani haina masizi, lakini masizi na kaboni monoksaidi ni vitu viwili tofauti. Mwaka 1996 NIOSH na wenzake walitoa tahadhari kuhusu injini ndogo za petroli, wakaeleza kwamba kufungua milango na madirisha hakuhakikishi usalama. Injini ya propani iliyoharibika mchanganyiko nayo ni hivyohivyo. Nunua kipima gesi chenye king'ora, mwendeshaji akivae kifuani, halafu utuletee namba.

Muuguzi, Njombe

Naongezea kwa ufupi. Wengi hudhani ni malaria au mafua, kama inavyotokea kwa watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksaidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida cha oksijeni ilhali mgonjwa yuko hatarini, kwa hiyo mwambieni daktari waziwazi kwamba mlikuwa na injini ndani. Barakoa hazizuii gesi hii. Mjamzito asikaribie kabisa kazi hiyo.

Msimamizi wa usafi, Mbeya

Ndaga fijo, nimeelewa. Wale vijana wawili nimewapeleka zahanati leo asubuhi na nikaeleza habari ya injini kama dada muuguzi alivyoshauri. Mashine nimeitoa nje pamoja na mtungi wake, na usiku huu tunarudia ile ya umeme, waya wake na yote. Fundi, ukipata nafasi ya kufika Mbeya kuirekebisha, nijulishe bei ili nimpelekee tajiri pamoja na bei ya kipima gesi.