Dawa ya tezi ya paka Sh9,200, ya binadamu Sh12 kidonge. Naweza kuomba hii ya pili?

BintiLangoni, Amu

Assalaam alaykum jamaa. Nina swali la dawa, na ni refu kidogo. Naomba mnisomee mpaka mwisho.

Paka wangu Mrashi ana miaka 13. Baada ya Maulidi alianza kukonda, na huku anakula kuliko alivyowahi kula. Zamani kichwa kimoja cha changu kilimtosha mpaka jioni. Sasa anamaliza viwili na bado ananililia jikoni. Maji anakunywa mpaka anaingiza kichwa ndani ya ndoo. Usiku halali, yuko darini anazunguka na kulia, na ukimwekea kiganja kifuani moyo unakwenda mbio usiweze kuuhesabu. Majirani walisema ni minyoo. Dawa ya minyoo alipewa, na hali ikabaki vile vile.

Daktari wa mifugo anayevuka kutoka Mokowe alimpapasa koo akakuta kivimbe kidogo upande mmoja. Akamtoa damu, tukaiweka kwenye barafu, ikavuka na boti ya asubuhi na kupanda basi la Mombasa. Majibu yalisema homoni ya tezi ya thairoidi imepanda sana. Ada ya daktari, kipimo, barafu na basi, jumla Sh7,500. Hizo sizililii. Kazi imefanywa na mimi nimeiona.

Kilichonikwamisha ni dawa. Vidonge vya paka, chupa ya 100, nimetajiwa Sh9,200 mpaka ifike Mokowe, na lazima nilipe kwanza ndipo iagizwe. Mrashi atakunywa viwili kwa siku, kwa hiyo chupa ni siku 50. Na daktari amesema hii si dawa ya kumaliza ukaacha, ni ya maisha yake yote. Mimi nashona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono. Kofia moja nzuri, pamoja na kazi za nyumba, hunichukua kama miezi miwili, na mnunuzi hunipa Sh5,000 akiwa na roho safi. Hesabu mnaiona.

Sasa, shemeji yangu ana ugonjwa wa tezi hiyo hiyo. Anakunywa carbimazole, ananunua Sh12 kidonge kimoja duka la dawa hapa hapa mjini. Nilipomuuliza mwenye agroveti kama ni dawa moja alisema, "Ya mtu ni ya mtu, ya mnyama ni ya mnyama," akageukia mteja mwingine.

Punda wetu wana bahati yao. Tangu 1987 wana hospitali iliyoanzishwa na shirika la Uingereza, The Donkey Sanctuary, na punda wa maskini anatibiwa bila malipo. Nafurahi kwa hilo, kwa sababu punda ndiye anayebeba mawe, saruji na mchanga wa mji huu. Lakini paka akiugua ugonjwa wa kudumu, mwenye paka yuko peke yake.

Maswali yangu: hizi dawa mbili ni kitu kimoja au si kimoja? Na nikimwomba daktari aniandikie ya binadamu, nitakuwa nimemkosea adabu, au nimevunja sheria?

AmiShela

Waalaykum salaam mwanangu. Pole sana. Jaribu habasoda iliyotwangwa na asali, asubuhi na jioni. Mimi nilimpa paka wangu alipokuwa na mafua akapona. Na kama ana maumivu, robo ya kidonge cha panadol inatosha.

MfamasiaMalindi

Naomba nianze na ami wangu wa Shela, kwa heshima zote. Ami, panadol usimpe paka kabisa, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja paracetamol kama letu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Habasoda sina ugomvi nayo jikoni, ila tezi hii haitaiteremsha.

Sasa dada wa Langoni. Umeuliza vizuri, nami nitakujibu kama ninavyowajibu watu dukani.

Vidonge vya paka mara nyingi vina thiamazole, ambayo wengine huiita methimazole. Shemeji yako anakunywa carbimazole. Carbimazole ikishaingia mwilini hugeuka kuwa thiamazole. Kwa hiyo kazi ni ile ile, kuizuia tezi isitengeneze homoni kupita kiasi. Lakini vipimo havilingani: miligramu 5 za carbimazole hazitoi miligramu 5 za thiamazole, hutoa pungufu. Ndiyo maana huwezi kuchukua idadi iliyoandikwa kwenye chupa ya paka ukaihamishia kwenye kidonge cha shemeji. Hesabu hiyo afanye daktari.

Kuhusu bei. Carbimazole ipo tangu miaka ya 1950. Hakuna tena mwenye haki ya kuitengeneza peke yake, viwanda ni vingi, na kila hospitali inaihitaji. Ya paka lazima ifanyiwe majaribio kwa paka, isajiliwe kwa ajili ya paka, kisha iagizwe kutoka nje kwa wateja wachache mno. Muagizaji akileta chupa kumi akauza tatu, saba zitaharibika kabatini, na hasara hiyo ameshaiweka kwenye bei yako. Tazama dawa za ng'ombe na mbuzi kwenye agroveti hiyo hiyo. Chupa kubwa ya dawa ya minyoo ni bei ya kawaida, kwa sababu wafugaji ni wengi. Sitaki useme mwenye duka anakuibia. Lakini pia sitaki uamini kwamba bei kubwa maana yake dawa ni bora zaidi.

Mimi huletewa karatasi zilizoandikwa na madaktari wa mifugo na huzihudumia. Nataka nione jina la daktari na namba yake ya usajili wa Kenya Veterinary Board, jina la mwenye mnyama, aina ya mnyama, dawa, kipimo na idadi. Bila karatasi sitoi, na mfamasia yeyote akikupa carbimazole bila karatasi mkimbie.

Bwana_Mkomani

Sh7,500 za paka? Amu paka wamejaa kila kichochoro. Huyu mwachie Mungu, kesho utaokota mwingine. Watu wana njaa.

BintiLangoni, Amu

Ndugu yangu, hao wa vichochoroni sikuwatwaa, ingawa wakija mlangoni hawaondoki bure. Huyu nilimtwaa. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliadhibiwa kwa paka mmoja aliyemfungia ndani, hakuulizwa paka wa mji mzima. Na mwenye njaa akibisha hodi kwangu namlisha pia, alhamdulillah.

Mfamasia, ahsante sana. Nimeelewa kuliko nilivyoelezwa kokote. Kwa nini mtu hakuniambia hivi mwanzo?

MwanaWaPate, Leicester

Dada, salamu kutoka mbali. Nikueleze ya huku, kwa sababu wengi huko nyumbani wanadhani Uingereza mambo haya ni rahisi.

Mimi nina paka mwenye ugonjwa huo huo, na hapa daktari hawezi kuniandikia dawa ya binadamu kwa sababu tu ni rahisi. Utaratibu unasema kama ipo dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya mnyama huyo na ugonjwa huo, aanze na hiyo. Bei si sababu inayokubaliwa. Ninachoweza kufanya ni kumwomba karatasi ya dawa kisha ninunue kwenye duka la mtandaoni, ambako mara nyingi ni nafuu kuliko kliniki. Lakini karatasi yenyewe inalipiwa. Malalamiko yalizidi mpaka mamlaka ya ushindani, CMA, ikaingia kuchunguza. Oktoba 2025 ilitoa matokeo ya awali: bei za madaktari wa wanyama zilipanda asilimia 63 kati ya 2016 na 2023, na ikapendekeza ada ya karatasi isizidi pauni 16.

Nakuambia haya ili ujue kwamba kumwomba daktari karatasi si utovu wa adabu. Huku imekuwa ni haki ya mteja na serikali inaipigania. Mwombe kwa upole, na mlipe kwa kuiandika.

DaktariMifugo_Kilifi

Nimechelewa, nilikuwa shambani. Mfamasia ameeleza vizuri, mimi niongeze ya upande wangu.

Ugonjwa huu kwa paka ulielezwa kitaalamu 1979 huko Marekani, na ni wa paka wazee. Dalili ulizoandika ndizo zenyewe. Kuhusu sheria, usiwe na hofu. Daktari aliyesajiliwa anaweza kuandika dawa ya binadamu kwa mnyama aliyemchunguza mwenyewe, na anabeba dhamana ya alichoandika. Mimi nimeandika carbimazole, na nimeandika amlodipine ya presha, zote kutoka duka la dawa la kawaida. Daktari wako akikataa, muulize sababu. Inawezekana ana sababu nzuri, na kubwa zaidi ni figo.

Hapa nisikilize sana. Tezi ikienda mbio, damu nyingi hupita kwenye figo, na figo mbovu huonekana nzima kwenye kipimo. Ukiishusha tezi ghafla, ugonjwa wa figo uliojificha unatokea. Kwa hiyo tunaanza na kipimo kidogo cha dawa, kisha tunatoa damu tena baada ya wiki mbili mpaka nne, tunatazama tezi na figo pamoja. Najua unachofikiria, kwamba damu tena ni pesa tena. Lakini kama una Sh9,200 mkononi, ni bora kidonge cha Sh12 pamoja na kipimo cha pili, kuliko chupa ya bei bila kipimo. Pesa uliyookoa kwenye dawa ipeleke kwenye damu. Hilo ndilo ningependa kila mwenye paka alijue, kwa sababu nimeona watu wanajinyima kununua dawa ghali halafu hawana cha kupimia kama inafanya kazi.

Mwangalie akitapika, akiacha kula, akijikwaruza uso mpaka kutoa vidonda, au ufizi ukiwa wa manjano. Ukiona lolote, simamisha dawa na umpigie daktari siku hiyo hiyo. Na akianza kugonga ukuta, mboni zimefunguka hata kwenye jua, hiyo ni presha imempiga machoni. Usingoje kesho.

Kidonge usikisage. Kifiche kizima ndani ya nyama ya samaki, au kama daktari ameandika nusu, kikate umevaa glavu. Kuna mwanamke mjamzito nyumbani?

BintiLangoni, Amu

Yupo, daktari. Binti yangu, mwezi wa sita. Tena ndiye anayependa kumlisha.

DaktariMifugo_Kilifi

Basi kumlisha samaki aendelee, ila kidonge asikiguse, wala mchanga wa choo cha paka asiusafishe. Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na paka huitoa kwa mkojo na kinyesi. Mchanga wenyewe kwa mjamzito si mzuri hata paka akiwa mzima.

AmiShela

Mfamasia, nimekuelewa, Mungu akuweke. Nyumbani nimewaambia panadol isisogee karibu na paka. Je, dawa ya viroboto ya mbwa? Mpwa wangu alileta ya kudondosha shingoni, paka hajapakwa bado.

MfamasiaMalindi

Soma kwenye kiboksi, ami. Ukikuta permethrin, irudishe kwa mwenye mbwa. Kwa paka ni sumu, humtia mtetemeko na degedege. Ukikosa ya paka, nipigie picha ya kiboksi uiweke hapa, nitakuambia.

BintiLangoni, Amu

Jamaa, leo nimezungumza na daktari wangu. Nilimsomea mliyoyaandika, naye hakuudhika hata kidogo. Alisema hakunitajia carbimazole kwa sababu wateja wengine wakipewa dawa ya binadamu hudhani wamedharauliwa, wanataka yenye picha ya paka. Ameniandikia karatasi yenye namba yake ya usajili, ameanza na kipimo kidogo, na duka la dawa pale karibu na soko wameipokea baada ya kumpigia simu kuhakikisha. Vidonge vya mwezi mzima havikufika Sh800. Kipimo cha damu kinarudiwa baada ya wiki tatu, tezi na figo pamoja, kama alivyosema daktari wa Kilifi. Binti yangu nimemwambia habari ya mchanga. Alinuna kidogo, amekubali.

Jambo moja zaidi. Daktari anasema kikasha cha barafu na nauli ya basi ni ile ile, iwe damu ya mnyama mmoja au ya watano. Atavuka Jumanne ya wiki hiyo. Aliye Amu au Shela mwenye paka wa kupimwa, tugawane gharama ya kikasha na basi. Kipimo kila mtu atalipa chake. Niandikieni hapa kabla ya Jumatatu jioni nijue idadi, kwa sababu damu lazima iwe imetolewa na kufungwa kabla boti ya asubuhi haijaondoka. AmiShela, wa kwako ana umri gani?