Mashindano yakiisha, wanafunzi hawaandiki tena: ni nini humsukuma mtu kutunga?

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa anauliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari na ninalea klabu ndogo ya uandishi. Kila mashindano ya hadithi fupi yanapotangazwa, wanafunzi hujaa hadi viti havitoshi, na baadhi yao huandika mambo ambayo sikuyatarajia kutoka kwa vijana wa umri wao. Matokeo yakishatoka, wanaoendelea kuja ni wachache sana, na mara nyingi si wale walioshinda. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Ni nini hasa humsukuma mtu akae chini na kutunga kitu ambacho hakuna aliyemwagiza, na je, zawadi humsaidia au humharibu?

Binti Mwambao:

Shikamoo, mwalimu. Mimi ningeanza na Mwana Kupona, kwa sababu yeye alituachia sababu yake ndani ya kazi yenyewe. Utendi wake wa mwaka 1858 aliutunga akiwa mgonjwa, na aliyekusudiwa anajulikana: ni bintiye, Mwana Hashima. Katika beti za mwanzo mama anamwita mtoto asogee, aketi, aje na wino na karatasi, kwa kuwa maradhi yamemshika hata yametimu mwaka na yako maneno ambayo hajapata kumwambia. Maneno hayo angeweza kuyasema kwa mdomo yakaishia chumbani. Nadhani aliyatia vina na mizani ili binti ayahifadhi kwa moyo, na wengine wayanakili baada yake, jambo ambalo ndilo lililotokea. Shaaban Robert naye alifuata njia hiyo alipomtungia binti yake *Utenzi wa Hati* na mwanawe wa kiume *Utenzi wa Adili*.

Kwa hiyo nami nakuuliza: wanafunzi wako wanamwandikia nani? Katika mashindano wanamwandikia jaji wasiyemjua, na jaji huyo akishatoa alama hawana tena wa kumwandikia.

Mwanafunzi wa saikolojia:

Suala la zawadi limewahi kufanyiwa jaribio. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Teresa Amabile, alichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 72 waliokuwa tayari na mazoea ya kuandika. Kila mmoja alitunga shairi fupi, kisha baadhi yao wakapewa orodha ya sababu za kuandika wazipange kwa umuhimu, halafu wote wakatunga shairi la pili. Kundi moja lilipewa sababu za ndani, kama vile raha ya kucheza na maneno. Kundi jingine likapewa sababu za nje, kama vile fedha na sifa. Kundi la tatu halikupewa orodha yoyote. Washairi waliosoma mashairi hayo bila kujua yametoka kundi gani waliyaona ya wale waliofikirishwa juu ya fedha na sifa kuwa na ubunifu mdogo kuliko ya wenzao. Zingatieni kwamba hakuna aliyeahidiwa hata senti moja. Kule kuwaza tu zawadi kwa dakika chache kulitosha.

Mhariri mstaafu:

Kijana, utafiti huo ni mzuri, lakini wewe mwenyewe umesema watu hao walikuwa tayari wanaandika. Mwanafunzi wa mwalimu huyu hajaanza, na asiyeanza hana sababu ya ndani ya kuharibiwa. Nimesoma miswada kwa miaka mingi, na ninaweza kukuhakikishia kwamba tarehe ya mwisho ya kupokea kazi imezaa hadithi nyingi kuliko huo msukumo wa moyoni tunaoutukuza.

Mtazameni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957/58, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960, na ndiyo iliyotuletea Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, na kiko chake. Bila mashindano hayo sijui kama tungempata. Hata hivyo, riwaya zilizofuata zilikuja hadi miaka ya 1980, na kilichomrudisha mezani, nionavyo mimi, ni Bwana Msa mwenyewe pamoja na wasomaji waliokuwa wakimsubiri. Leo tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila sharti mshindi apate mchapishaji na wasomaji, kwani cheti cha kutundika ukutani hakimdai mtu kazi ya pili.

Mzee wa Mombasa:

Mmemsahau asiyeruhusiwa kuandika. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, na humo gerezani akayatunga mashairi ya *Sauti ya Dhiki* kwa siri, akitumia karatasi za msalani. Hapo hapakuwa na jaji wala tarehe ya mwisho, na kama angekamatwa nayo angeongezewa adhabu. Alitoka mwaka 1972, diwani ikachapishwa mwaka uliofuata, na mwaka 1974 ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. (Sijui waandalizi walijisikiaje siku hiyo.) Zawadi ilikuja, lakini ilikuta kazi imekwisha kufanyika.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa:

Ahsanteni sana. Swali la Binti Mwambao limenikaa kichwani, kwa sababu linanikumbusha msichana mmoja wa kidato cha pili ambaye hajawahi kushiriki mashindano yoyote. Huniletea daftari lake kila wiki, na baadhi ya kurasa amezibana kwa stepla pande tatu. Huyu anamwandikia nani?

Binti Mwambao:

Pengine hajaamua bado, mwalimu. Kurasa alizoziacha wazi zisome na umjibu kwa maandishi, kwenye daftari lilelile, ukizungumzia anachokisema kabla ya kugusa tahajia. Zilizobanwa usizifungue, wala usimuulize zina nini. Kwa wale wengine, jaribu muhula mmoja usio na mashindano: kila mmoja amchague mtu mmoja anayemfahamu, awe bibi, dereva wa daladala au mwenzake aliyehama shule, amtungie hadithi, na kazi isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka mtu huyo awe ameisoma au amesomewa. Kisha turudie mjadala huu utuambie ni wangapi waliandika ya pili.