Mkojo unachuruzika lakini kibofu bado kimejaa

Muuguzi_Kondele: Wakuu, kijana wa boda aliumia uti wa mgongo usawa wa kifua, hii ni wiki ya tisa. Hasikii mkojo, ila nepi inalowa kutwa. Mbona nikigusa chini ya kitovu kibofu ni kigumu?

Neva_Nakuru: Neva za S2 hadi S4 (zinazotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo) ndizo hukaza kibofu, lakini mpangilio hutoka kwenye shina la ubongo: kibofu kikikaza, kilango cha chini kilegee papo hapo. Njia ikikatika kifuani, mapatano hayo yanakufa. Kibofu kinasukuma huku kilango kimebana. Yanayolowesha nepi ni matone tu. Mkojo mwingine unabaki, na presha inarudi hadi kwenye figo.

Muuguzi_Kondele: Basi tumbonye tumbo?

Neva_Nakuru: Hapana! Utasukuma dhidi ya mlango uliofungwa. Tumia mpira wa mkojo (katheta) wa kuingiza na kutoa, kila saa 4 hadi 6, na upime kwenye jagi. Lengo ni chini ya mililita 500 kila mara. Ukikuta 700, fupisha muda. Kumnyima maji si dawa.

Fizio_Milimani: Jeraha ni usawa gani hasa? Likiwa T6 (usawa wa pingili ya sita ya kifua) kwenda juu, kichwa kikaanza kugonga ghafla, jasho usoni, presha ya damu juu, huenda ni kibofu kilichojaa: mkalishe wima, legeza nguo, kisha toa mkojo. Kama ana mpira wa kudumu, angalia kwanza kama umejikunja chini ya paja.